Kiazi Kilichomtangulia Mama Perez

Bustani ya Mama Perez kule Elgon View, Eldoret, iliwahi kutoa kabichi moja ambayo kuku aliingia chini ya jani lake na vifaranga kumi na mmoja, wakapotea siku tatu. Siku ya nne walitoka wamenona, na hawakutaka tena kula mahindi. Hivyo ndivyo Opondo alivyosimulia, na kwa kuwa ndiye aliyeitunza bustani hiyo miaka ishirini na miwili, nani angempinga? Kuku mwenyewe aliliwa Krismasi, kwa hiyo shahidi hakuna.

Ila yapo mambo ambayo Opondo hakuyatia chumvi. Alijua waridi hukatwa Februari, jua likiwa limekausha hata midomo ya mbwa, na ukimwonea huruma waridi naye atakuonea choyo cha maua. Alijua majivu ya jikoni hunyunyizwa kwenye sukuma wiki asubuhi, umande ukiwa bado majanini, vidukari waamke wakute kiamsha kinywa kimeharibika. Alijua mbegu ya viazi hutafutwa Timboroa, kwa maana kiazi kilicholelewa kwenye baridi ile kikishushwa Eldoret hudhani kimefika peponi, kikazaa kwa furaha. Na alijua raha ya saa nne asubuhi: kuegemeza jembe, kuvua gambuti, kuzika vidole vya miguu kwenye udongo uliolimwa, na kunywa chai ya maziwa kwa kikombe cha bati huku redio ikiimba kwenye tawi la mparachichi.

Machi hiyo alikuwa kwenye raha hiyo hiyo Mabonga alipochungulia juu ya ua wa kaiyaba. Mabonga alitunza bustani ya jirani, na walikuwa wametaniana kwa miaka mingi kiasi kwamba siku wasipotukanana mmoja alidhani mwenzake ni mgonjwa.

"Opondo! Bado umekaa? Mimi nimeshapanda maharagwe. Nyinyi watu wa samaki mnangoja ziwa liwafuate huku?"

"Mabonga, hiyo mvua ya juzi ni ya kudanganya. Ilikuwa inapita tu ikienda harusi Kitale. Kumbikumbi wameruka? Hawajaruka. Hayo maharagwe yatakuuliza uliyaitia nini."

Hata kumbikumbi wangeruka, Opondo asingepanda. Kwa Waluo mwenye boma ndiye hutangulia kutia mbegu, wengine wote hufuata nyuma yake, na mtu hachezi na jambo hilo hata akiwa mjini kwenye nyumba ya vigae. Kila mwaka Mama Perez, mwalimu mkuu mstaafu na mjane, alitoka na kitambaa chake kichwani, akainama, akatia mbegu ya kwanza, akasema, "Haya." Ndipo Opondo alipogusa mfuko wa mbegu. Lakini mwaka huu Mama hakuwepo. Aliteleza bafuni Januari akavunjika nyonga, na baada ya hospitali bintiye Christabel akamchukua kwake, mtaa wa West Indies.

Jumanne Christabel alikuja na futi ya kupimia. Alipima kutoka langoni hadi kwenye matuta, akaandika kwenye simu.

"Mzee, Alhamisi lori la matofali ya kabro linakuja. Hapa pote patafunikwa. Mama hawezi kulima tena, na wanaotaka kupanga hii nyumba wanataka mahali pa magari."

"Na sukuma?"

"Sukuma iko sokoni, Mzee."

Opondo alijisikia kama mtu aliyekanyaga reki, mpini ukamrukia usoni.

"Christabel, nyathina, mtoto wangu, mwenye boma hajasema."

"Mwenye boma hata kusimama ni shida. Anaketi tu anaangalia ukuta. Siku atatia mbegu kwa mkono wake kama zamani, mimi nitafunga mdomo na lori lirudi. Lakini wacha tuseme ukweli."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

Opondo akatabasamu. Aliyemfahamu vizuri angeanza kuogopa hapo.

Jumatano alasiri mvua yenyewe ikashuka, ile ya kupiga mabati hadi watu waongee kwa ishara. Ilipokatika, ardhi ikatoa ile harufu ambayo Opondo alisema ikiwekwa kwenye chupa, wauza manukato wa Nairobi watarudi kulima. Jua halijazama, kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini kama waumini wanaotoka ibada ya kwanza. Mvua ilikuwa ya kweli. Ulibaki usiku mmoja lori lije, na mkono wa Mama ulikuwa West Indies.

Alhamisi alfajiri alichota udongo katikati ya bustani, akajaza wilbaro, akatia viazi vya mbegu kwenye ndoo juu yake, akashika njia.

"Unahama na shamba?" Mabonga akauliza.

"Mama hawezi kuja kwa shamba. Shamba linaenda kumsalimia."

Kutoka Elgon View hadi West Indies si mbali kwa mtu mwenye mikono mitupu. Kwa mwenye wilbaro la udongo mbichi, kila kijilima kina jina lake. Kwenye kona, vijana wa boda boda walimshangilia.

"Mzee, hiyo mchanga unapeleka wapi?"

"Hospitali. Imeshikwa na malaria."

Alimkuta Mama Perez barazani, blanketi magotini, mkongojo kando, na uso wa mtu aliyelishwa uji miezi miwili. Christabel alikuwa tayari na ufunguo wa gari mkononi, akielekea kulipokea lori.

"Opondo," Mama akasema. "Ni nini hicho?"

"Ni shamba, Mwalimu. Lilikuwa linakuulizia."

Mama alinyoosha mkono, akachukua donge, akalivunja, akalinusa. Macho yake yakafunguka kama dirisha lililosahauliwa.

"Mvua yenyewe?"

"Yenyewe. Kumbikumbi wameruka jana."

"Mzee," Christabel akaingilia, "wilbaro si shamba."

"Udongo umetoka wapi? Mbegu ni ya nani? Mkono ni wa nani?" Opondo alihesabu kwa vidole kama wakili. "Ulisema mkono wake. Hukusema miguu."

Mama alicheka kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari. Akainama kwenye ndoo, akachagua kiazi, akakigeuzageuza.

"Hii mbegu ni ya wapi?"

Hapo ndipo palipoharibika. Swali hilo, kwa Opondo, lilikuwa kama kumwonyesha paka mkia wa panya. Akadaka kiazi kingine ndooni.

"Timboroa, Mwalimu! Si mbegu, ni ndugu yetu. Kuna mwaka nilipanda kama hiki pale karibu na tangi, kikavimba mpaka tangi likainama. Tukakichimba watu wanne. Tulipokikata kwa msumeno tukakuta katikati bado ni baridi, baridi ya Timboroa yenyewe! Siri ni kina tu. Kiganja kimoja, hivi. Macho yaangalie juu, hivi. Halafu unafunika polepole kama unamfunika mtoto, hivi…"

Akapigapiga udongo kwa kiganja.

"Opondo."

"Naam, Mwalimu."

"Umefanya nini?"

Akautazama mkono wake kama vile ni wa Mabonga. Ulikuwa na udongo hadi kifundoni, na kiazi hakikuwemo. Mdomo ulipokuwa unasimulia, mkono nao ulikuwa unapanda, kama ulivyozoea. Alikuwa amemtangulia mwenye boma, mbele ya macho yake. Akalishika wilbaro kwa mikono miwili, nalo likalia.

"Si ukitoe tu?" Christabel akasema.

Wote wawili walimgeukia kana kwamba amesema mtoto aliyebatizwa arudishwe kwa kasisi afutwe maji.

"Mbegu iliyotiwa haitolewi," Mama akasema. "Huo udongo sasa ni wako, Opondo. Umeuanza wewe. Mimi siwezi kupanda nyuma ya mfanyakazi wangu kama mke wa tatu."

Opondo alitafuta hadithi ya kumwokoa. Alizijua mia nne, na zote zilikuwa zimekimbia. "Nisamehe, Mwalimu. Nilitaka kuokoa shamba, sasa nimelizika."

"Umeharibu kweli."

Christabel alitazama saa. Mama Perez alitazama wilbaro, kisha mkono wake wenye harufu ya udongo. Akalitupa blanketi kando, akashika mkongojo.

"Christabel, lete gari."

"Mum, unaenda wapi? Daktari alisema…"

"Daktari alisema nitembee. Hakusema nitembee kwenda chooni pekee. Kuna udongo kwangu ambao haujaguswa, na kabla huyu mtu mwenye mikono hajaufikia, lazima nifike mimi."

Walilikuta lori langoni. Dereva wake, Tyson, alikuwa ameshika komeo la nyuma tayari kufungua.

"Madam, tumwage wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mama alikuwa anashuka garini, mguu mmoja baada ya mwingine, akikataa kushikwa. Hatua kumi na tisa hadi kwenye matuta. Baadaye Opondo alisema ni mia mbili, lakini zilikuwa kumi na tisa, na katika ya kumi na mbili alisimama, na ikaonekana ameshindwa. Hakushindwa. Wakamwekea kiti cha plastiki katikati ya matuta. Akatoboa shimo kwa ncha ya mkongojo, akainama huku akigumia, akatia kiazi, akakifunika kwa vidole vyake mwenyewe. Opondo alisimama nyuma yake, mkono mmoja ukiwa umeukamata mwingine.

"Haya," Mama akasema.

"Madam?" Tyson akaita tena.

Christabel alimtazama mama yake. Matope yalikuwa yamempanda hadi magotini, naye alikuwa ananyoosha mkono kuitisha kiazi cha pili, akifoka kwa nini kinachelewa. Huyo ndiye mama aliyemjua, si yule wa ukutani.

"Hapo langoni tu," akamwambia Tyson. "Upana wa magari mawili. Zingine rudisha."

"Na wapangaji wako?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Watapanga wapi, Mum, na mwenye nyumba amerudi?"

"Sasa umefikiri. Vua hivyo viatu. Anayefuata ni wewe."

Christabel alivua viatu vya kisigino, akakanyaga tuta kama anayeingia mtoni, akatia kiazi chake kichwa chini.

"Macho juu!" Mama na Opondo wakasema kwa pamoja.

Jumamosi Opondo alikuwa kwenye ua wa kaiyaba, akimweleza Mabonga jinsi alivyopanga kila kitu tangu mwanzo.

"Nilijua nikimtangulia lazima ainuke. Hakuna dawa ya mifupa inayoshinda hasira ya mwenye boma. Nilikipanda kile kiazi kwa hesabu, Mabonga."

"Christabel anasema ulitetemeka mpaka wilbaro likalia."

"Hiyo ilikuwa baridi. Kiazi cha Timboroa, ukikishika sana…"

"Opondo!" sauti ya Mama Perez ikatoka upande wa kitalu. "Niletee miche ya nyanya. Na uje ukiwa umenyamaza!"