Pekupeku Hadi Chemchemi

Msafara ulikuwa umeshavuka kijito na kuyapa kisogo mashamba ya karoti Kasiani alipoufikia, akihema. Mbele alitangulia Mjomba Kondo, mkuu wa lukolo, ule ukoo wa upande wa mama. Nyuma yake alikuwa mama yake Kasiani, Magdalena, na ungo wa unga wa mtama, kisha wazee na kuku mweusi. Vuli ilikuwa imegoma. Kila asubuhi ukungu ulishuka, ukalamba mabonde ya Uluguru, ukapanda bila kudondosha hata tone. Mbingu ikifunga namna hiyo, lukolo huingia msitu wa mizimu kutambika kwenye chemchemi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tulidhani mji umekumeza. Kibuyu hubebwa na mpwa, si mimi na mgongo huu. Shika."

Kasiani akashika. Macho yake yalikuwa msituni, pombe ikamwagika.

"Huyo ameshaanza kutambika njiani!" mzee mmoja akamtania, wenzake wakacheka.

Kasiani hakucheka. Tangu kiangazi, guta lake la miguu mitatu lilikuwa likibeba taka za zahanati moja ya mjini: sindano, chupa za dripu, pamba zenye damu. Kazi aliyopewa ni kuzifikisha kwenye tanuri la kuchomea. Tanuri lilikuwa na foleni. Basi akawaza kama Mluguru anavyowaza: pa kufichia kitu ni pale ambapo mtu hathubutu kukanyaga. Akayabiringisha magunia ya taka ndani ya msitu wa ukoo wake. Akasahau kwamba mvua ikigoma watu huingia, tena huingia pekupeku.

"Mjomba, turudi. Nimeota vibaya."

"Ukiota vibaya ndiyo sababu ya kwenda."

"Na nyoka je? Mwaka huu wamejaa."

"Nyoka wa kule ni mwenyeji," alisema Kondo bila kugeuka. "Mgeni ni wewe."

 Kasiani alikumbuka mkutano ambapo Nasra, mtendaji wa kijiji, alisoma sheria kwa sauti: anayetupa taka hovyo atafikishwa mahakamani, na anayemficha ataongozana naye. Wa kwanza kunyoosha mkono kuikubali alikuwa Mjomba Kondo.

Ukingoni mwa msitu hapakulia ndege. Harufu ilitoka ndani, si ya majani wala ya mzoga. Ilikuwa harufu ya wodi.

"Kuna kitu kimeoza," akasema Magdalena.

"Ndiyo maana mvua haiji," akajibu Kondo. "Vueni viatu."

Kandambili na mabuti vikapangwa chini ya mti. Kasiani aliitazama miguu ya mama yake, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Akisema, ni jela. Asiposema? Huenda magunia yako mbali, alijiambia. Huenda watapita juu zaidi. Nguruwe pori walikuwa wameyachana magunia hayo. Aliyaona mwenyewe safari ya mwisho, na hakuokota kitu.

Mwanamke ndiye anayetangulia kunyunyiza unga. Magdalena akaingia, ukungu ukamfunika.

"Mama, simama! Kuna sindano!"

Wote wakageuka. Kondo alimtazama kwa utulivu uliotisha kuliko ngumi.

"Umejuaje?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ukunguni: "Aa, mwiba tu." Wakamkuta ameketi, mguu juu ya goti, amekwisha kuuchomoa. Haukuwa mwiba. Ilikuwa sindano na bomba lake, ndani yake kitu cheusi kimeganda.

"Kasiani, mwanangu," akasema Magdalena, "hii ilikuwa ya nani?"

Kasiani hakujua ni ya mgonjwa gani. Akakiweka kibuyu chini, akayaungama magunia.

"Tuyamalize hapahapa kwa kumchinja kuku," mzee mmoja akanong'ona. "Huyu ni damu yetu."

"Damu yetu ni hiyo inayotoka mguuni," alisema Kondo. Akaenda ukingoni akavaa viatu, akarudi navyo mle mle msituni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akamshika mpwa wake mkono na kuteremka naye kwa Nasra.

Kasiani alifungwa na guta likataifishwa. Mwenye zahanati alidai aliyekosea ni mchukuzi. Hakimu hakukubali, akampiga faini. Mwenyewe akaifunga zahanati ile na kufungua nyingine kwa jina la mkewe. Vijana waliovaa mabuti waliyatoa magunia. Sindano zilizozama kwenye majani hakuna aliyezitafuta, na watu wa bondeni bado wanaoshea mboga maji ya chemchemi ile. Magdalena alipimwa, akaambiwa arudi kupimwa tena, akarudi. Sasa anameza vidonge kila jioni na haulizwi ni vya nini. Kondo alivuliwa ukuu wa lukolo kwa kumkabidhi mpwa wake kwa serikali. Nasra, aliyeipeleka kesi mahakamani, alihamishiwa Gairo.