Gharama Imepanda Kochi

Kila anayeniuliza bei ya mbwa wangu namtajia, simung'unyi maneno. Nilimnunua kwa bei ya mashine mpya ya ovaloki, ile inayokata na kuziba kingo za kitambaa kwa mkupuo mmoja, na mashine hiyo nilikuwa naihitaji kweli. Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule ndizo zilizonilea, nami nikalea watoto wanne kwa hizohizo. Kwa hiyo mtu akisema sikujua thamani ya pesa ile, anikome. Niliijua kuliko yeye.

Mwaka huo mtoto wetu wa mwisho alikuwa amemaliza chuo. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, pesa iliingia dukani bila kumkuta mtu anaisubiri mlangoni. Yule mdogo ndiye aliyeniambia, "Mama, sasa nunua kitu chako mwenyewe." Nadhani alikuwa anafikiria viatu.

Mimi nilikuwa nimeshaugua ugonjwa wangu. Mteja mmoja alikuja kupimwa suti akiwa amembeba mbwa mdogo kwapani, rangi ya chai ya maziwa, manyoya yamefura, uso mdogo kama wa mtoto aliyenyimwa kitu. Akamweka juu ya meza yangu ya kukatia. Yule mbwa akatembea juu ya kitambaa bila kukivuruga hata pindo, akaja akakalia mkono wangu. Mteja akasema hao wanaitwa Pomerani. Nilipima ile suti vibaya, ikabidi aitwe arudi.

Mfugaji aliyekuwa na watoto wa aina hiyo hakuniuzia hivihivi. Alinihoji. Nani anabaki na mbwa mchana? Nyumba ina ngazi? Nimewahi kufuga? Nikajibu kila kitu nimeweka mikono mapajani, kama nimekwenda kuposa. Mwishowe akatoa cheti cha ukoo: baba, mama, babu, bibi, mpaka babu wa babu, kila mmoja na jina lake refu. Mimi babu wa babu yangu simjui hata kwa jina la utani. Nikalipa taslimu, na sikuomba apunguze. Mimi huyu, ambaye niliwahi kubishania bei ya vifungo mpaka muuzaji akatishia kufunga duka!

Mume wangu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nilipofika nyumbani aliniuliza bei, nikamtajia. Akakaa chini.

"Huyu mmoja?" akauliza.

"Huyu mmoja."

Akamtazama mbwa, mbwa naye akamtazama. "Basi jina lake Gharama," akasema, akaenda kunawa.

Nilidhani ni hasira za siku moja. Thubutu! Jina likaganda, na mume wangu akapata mchezo wa uzeeni. Mbwa akirukia kochi, yeye anapaza sauti mpaka jikoni: "Mke wangu, Gharama imepanda tena!" Akiteremka: "Afadhali, Gharama imeshuka." Mgeni akibisha hodi: "Subiri kidogo, tunazuia Gharama isitoke." Tukaendelea hivyo mpaka siku moja jirani yetu wa ukuta mmoja akaja kimya kimya na sukari, unga na mche wa sabuni, akanishika mkono. "Jirani, msione haya," akaninong'oneza. "Kila jioni nasikia mnavyolalamika gharama zimepanda. Hata sisi zimetubana." Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nilipomwonyesha huyo Gharama mwenyewe, kalala chali kwenye kochi, alichukua sukari yake akaondoka, naye anacheka.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanichoma. Msikilizeni mume wangu anavyosema: imepanda, imelala, imekula. Hakuwahi hata mara moja kusema amelala, amekula. Kwake yeye ilikuwa bei inayotembea, na si kiumbe.

Tena sitamdanganya mtu, alikuwa na haki yake. Kumnunua mbwa kama yule ni kiingilio tu. Baadaye ndiyo unajua umeingia wapi. Kulikuwa na chanjo, na marudio ya chanjo, na dawa ya minyoo, na ya viroboto. Chakula chake ni cha mfuko, punje ndogondogo za meno madogo, na ule mfuko ulikuwa unaisha nikiwa bado naumia kuulipia. Nilimwogesha kwa sabuni yetu, ngozi ikamtoka mabaka, daktari wa mifugo akanikaripia kama mtoto wa shule, nikanunua shampuu yake. Brashi ya kwanza ilimng'oa manyoya, nikanunua ya pili. Kitanda na mkanda wa kifuani nilimshonea mwenyewe kwa masalia ya vitambaa, na hapo tu ndipo nilipompiga chenga mwenye duka la wanyama.

Ila mngeona alivyopendeza! Kila asubuhi kabla sijafungua duka nilikuwa namchana, kuanzia shingoni mpaka mkiani, na tukitoka barabarani watu wanasimama. Madereva wanapunguza mwendo. Kuna wateja waliingia dukani kumtazama mbwa wakatoka wamepimwa sketi. Nilikuwa natembea kifua mbele, na sikujifanya mnyenyekevu.

Sasa nimtaje kaka yangu. Ni mkubwa wangu, tumezaliwa wawili tu, na nampenda. Lakini kaka ni mtu wa kukwama. Leo amekwama paa, kesho kodi, keshokutwa gari, na kila akikwama, njia yake inapita dukani kwangu. Watoto wake niliwashonea sare tangu chekechea mpaka wakamaliza, na sikumdai kitu. Mara mojamoja nilimwambia "sina," kama watu wote wanavyosema. Nikishasema hivyo usingizi unaruka, na wiki haijaisha nimempelekea. Siku alipojua bei ya Gharama alinitazama kana kwamba nimemwibia.

"Mdogo wangu," akasema, "pesa yote ile, kwa kitu kisichobweka hata mwizi akasikia?"

"Anabweka," nikamwambia. "Mwizi ndiye awe karibu."

Mambo yakabadilika asubuhi moja Gharama alipokuja kunipokea mlangoni. Alikimbia kidogo, akainua mguu mmoja wa nyuma, akarukaruka kwa mitatu, kisha akaushusha kama hakuna kilichotokea. Kesho yake tena. Kwa daktari alilia alipoguswa, na moyo wangu ukapasuka.

"Pia ya goti inateleza, inatoka mahali pake," daktari akanieleza. "Mbwa hawa wadogo wengi wanazaliwa nayo. Tusipompasua, maumivu yatazidi, mwishowe mguu hautafaa. Na asizae, mama. Atawarithisha watoto."

Akataja bei ya upasuaji. Nikamwomba aitaje tena, nikidhani amejumlisha miguu yote minne. Ilipita ile niliyomnunulia.

Nilirudi nyumbani nikachukua sare za shule mbili zaidi, nikaanza kuweka pesa ya goti kwenye kopo la vifungo. Jumapili yake mume wangu alichukua ubao na mabaki ya mabomba, akaunda kijingazi cha kuegemeza kwenye kochi ili mbwa asirukeruke. "Ili Gharama ipande taratibu," akasema, akakusanya misumari yake.

Kopo lilikuwa linakaribia kujaa kaka alipokuja dukani, na hakuja peke yake. Alikuwa na mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, ananukia vizuri, funguo za gari mkononi. Mume wangu alikuwa nyuma ya duka, anarekebisha bomba la sinki langu.

"Mdogo wangu, nimekuletea neema," kaka akasema.

Yule mama akachuchumaa mbele ya kitanda cha Gharama, aliyekuwa amelala usingizi wa mchana. "Ni jike? Ana cheti?" akaniuliza. "Nina dume nyumbani wa aina hiihii. Natafuta mwenzake wazae."

Kisha akataja bei. Nilishika ukingo wa meza. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya niliyotoa. Ningenunua ovaloki nikabaki na chenji. Kaka akanivuta pembeni, midomo haisogei: "Gari langu limekufa injini. Mimi nipate injini, wewe mashine, na mzigo umekutoka. Goti usilitaje."

Alijua habari ya goti. Nilimweleza mwenyewe, nikilia.

Nitasema ukweli, niliwaza. Mbwa alikuwa amelala, hachechemei. Ningefunga mdomo kwa muda wa kuhesabu noti tu, na hakuna ambaye angenilaumu. Ukoo mzima ungenipongeza kwamba hatimaye akili imenirudia. Halafu nikafikiria vitoto vyake, vile vidogo vya kujaa kiganjani, vinazaliwa na magoti ya kuteleza, na cheti kizuri kinasema ukoo ni safi. Damu ikanichemka.

"Mama," nikamwambia yule mgeni, "huyu ana goti bovu. Daktari amesema asizae."

Kaka akafumba macho.

Yule mama akasimama polepole. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Wengi wasingesema." Akamtazama tena Gharama, na nikaona naye amependa. "Na hivyo alivyo? Nikimchukua nimtibu mwenyewe, utaniachia kwa ngapi?"

"Simuuzi."

"Shemeji!" kaka akaita kuelekea nyuma ya duka. "Shemeji, njoo uzungumze na mkeo. Wewe si ndiye unayesema kila siku mbwa huyu ni hasara?"

Mume wangu akatokea mlangoni, spana mkononi, maji yanamchuruzika viwiko. Alimtazama shemeji yake, akamtazama mgeni.

"Mbwa ni wake," akasema. "Na Gharama hauzwi. Amelala, punguzeni sauti msimwamshe."

Akarudi kwenye sinki lake. Hauzwi. Amelala. Msimwamshe. Sijui kama mwenyewe alijisikia, lakini mimi nilisikia kila silabi, na macho yakanijaa.

Mgeni alipoondoka, kaka hakuondoka. Alivuta kiti cha wateja akakaa. Hasira ilikuwa imemshuka. Sasa alikuwa ameleta ile sauti ninayoijua tangu utotoni.

"Injini iko wazi kwa fundi," akasema. "Nilishamwambia aanze. Basi nisaidie hata kutoka kwenye hizo unazoweka. Mbwa anaweza kusubiri."

Kopo lilikuwa rafuni, juu ya kichwa chake. Neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile la siku zote. Nililihisi kabisa: si... Nikalimeza. Sikutaka kumdanganya kaka yangu, na sikutaka kukosa usingizi kwa ajili ya uongo.

"Ninazo, kaka," nikasema.

Uso ukamchangamka, akaanza kuinuka.

"Ninazo, na sikupi. Ni za goti."

Alibaki nusu amesimama nusu amekaa. "Za mbwa?" akasema. "Mimi ni damu yako!"

"Ni damu yangu. Gari ni lako. Mbwa ni wangu."

Nadhani alikuwa anasubiri nicheke, au nilie, au niombe radhi. Nilichukua sketi iliyokuwa kwenye mashine nikaendelea kupiga pindo. Pindo lile lilikwenda mrama nikalifumua baadaye, lakini sikuinua kichwa mpaka niliposikia mlango. Nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna kuliko siku niliyofungua duka.

Siku ya upasuaji mume wangu aliacha kazi zake akanisindikiza. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa: paka kwenye vikapu, mbwa mkubwa wa ulinzi anayetetemeka, bwana mmoja na kasuku wake. Nikalipa kaunta, zote, nikakaa na Gharama mapajani. Mume wangu alikuwa anamkuna nyuma ya sikio kwa kidole kimoja.

Muuguzi akatokea na faili, akasoma, akasita kidogo. Kisha akaita, "Mama Gharama!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana mwenye kasuku akasema, "Hilo ndilo jina la sisi sote." Mume wangu akainamisha kichwa, mabega yanamcheza.

Maisha yangu yote nimeitwa mke wa fundi, dada wa fulani, mama wa huyu na wa yule, na nimeitika bila kinyongo, kwa kuwa wote ni wangu. Lakini majina hayo nilipewa. Hili nilikuwa nimelinunua mwenyewe, tena bila kupunguziwa. Nikainuka, mbwa wangu kifuani, nikaitika kwa sauti.