Aliyenyolewa Barabara Kichwani

Hii hutaiamini, lakini ilitokea, tena mchana kweupe: mtu alinyolewa vibaya mbele ya wodi nzima, na huyohuyo ndiye aliyeondoka na mashine ya kunyolea. Tulia, nianze mwanzo.

Kinyozi mmoja alikuwa na Jumamosi zake. Akifunga kibanda, anatia mashine mfukoni, huyo, wodi ya mifupa, kunyoa bure wagonjwa waliolazwa miguu imening'inizwa. Huku ananyoa, huku anawapa habari za Yesu taratibu, kisha anamwombea anayetaka. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alifuatana naye kushika taulo na kupiga soga. Kunyoa alishafundishwa, kuomba alishafundishwa, ila akigusa mashine tu anaambiwa, "Bado, shemeji."

Hiyo "bado" haikuisha mpaka kinyozi alipopanda kigoda kubadilisha taa, akaja chini mzimamzima, akavunjika mkono wa kulia.

Jumamosi ikafika. Mkono uko kwenye plasta.

"Wodi itasubiri nipone," akasema.

Mkewe alikuwa anakunja nguo, hata kichwa hakuinua. "Hiyo wodi ni yako au ya Yesu?"

"Ndugu yako hajawahi kuomba kwa sauti mbele ya watu, mke wangu."

"Na wale wanafunzi walikuwa wanajua nini walipotumwa? Yesu alienda mwenyewe, na bado akatuma wengine. Wewe unaiweza nusu tu, baba: kwenda unaweza, kutuma huwezi."

Ilimwingia. Akamkabidhi shemeji mashine kama mtu anayekabidhi kichanga, akamwekea mkono mzima kichwani, akamwombea. Halafu akakaa dirishani, roho juu.

Shemeji alirudi kichwa kinang'aa kama sahani.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Dereva."

Dereva wa lori, aliyevunjika paja, ndiye aliyekuwa mkali wa wodi. Kila wiki wimbo wake mmoja: "Nyoa nywele, huyo Yesu wako mwache mlangoni."

"Nilisahau kufunga kwenye mashine kile kichana cha kuzuia isifike ngozini," shemeji akasema. "Nikapita katikati ya kichwa chake. Barabara ya lami, shemeji, utosini mpaka kisogoni. Nikamwambia sina la kujitetea, shika mashine na wewe uninyoe. Akaninyoa. Alicheka mpaka kitanda kikalia. Kisha akauliza uko wapi, nikamwambia umeumia, umenituma. Akasema, 'Mtu kavunjika mkono na bado katukumbuka? Basi niombee kwa huyo Yesu wenu.'"

"Ukaomba?"

"Fupi, tena kwa kigugumizi. Namaliza, namsikia na yeye anaomba kwa maneno yake, anamwita Yesu 'bosi'."

Mke akaacha nguo, akajifuta macho kwa shati la mumewe. Mume naye analia, anacheka, hajui aanze na lipi.

Plasta ilipotolewa, kinyozi akaenda wodini kifua mbele. Kumbe dereva amesimama, gongo moja kwapani, ananyoa mgonjwa mpya na kumsimulia habari za bosi wake. Shemeji yuko kitanda cha mwisho, anaomba kwa sauti, bila kigugumizi. Hakuna aliyemwona kinyozi akiingia.

"Mkuu," dereva akasema alipogeuka, "naruhusiwa wiki ijayo. Huko kwetu kuna hospitali, wagonjwa wana vichaka kichwani, na hakuna anayewaendea. Nitume."

Na mashine ni hiyohiyo moja, ya kibandani na ya wodini, ambayo kinyozi alianzia kazi.

Kinyozi akaichukua. Akapiga meno ya mashine brashi, akatia mafuta, akafunga kichana, akakivuta kuhakikisha, akamtupia shemeji jicho. Wodi ikavunjika mbavu. Kisha akaiweka mikononi mwa dereva, na wote, hata wenye miguu hewani, wakanyoosha mikono kumwombea. Sauti zilijaa mpaka wauguzi wakaja mlangoni, na wao wakaitikia amina.

Wodi ya mifupa akamwachia shemeji, na mkasi mmoja. Yeye akachomoa mkasi mwingine mfukoni, akavuka korido, akagonga wodi ambamo hamjui mtu hata mmoja.

"Hamjambo humu? Mimi ni kinyozi."

Sasa niambie wewe: mkono ndio kwanza umepona, mashine ni moja, na anayeiomba ndiye aliyekufukuzia Yesu mlangoni. Ungempa?