Mzigo wa Kuazima

Kampuni ya kadi za mkopo kule Korogwe ilikuwa na sheria mbili, na Mwaija alizijua kama anavyojua rakaa za alfajiri. Mtu huomba mara tatu tu kwa mwaka. Tena nyumba moja, kadi moja. Ukiipata, unachukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla leo, unalipa mwisho wa mwezi. Mwaija alishaomba mara mbili, na mara zote alijibiwa kwamba duka lake la Kabuku ni tupu mno.

Mumewe Kibwana naye alishasema lake. "Fremu ya duka ni yangu. Hii ya tatu ukikataliwa, anaingia Husna. Siwezi kufuga popo dukani."

Husna ndiye mke mdogo, akiuza unga na mafuta kwenye meza uani. Asubuhi ya ukaguzi alikuja mwenyewe, katoni kichwani.

"Bi mkubwa, chukua mzigo wangu, upange. Barabara nzima hii watu huazimana siku ya ukaguzi. Au wewe mgeni?"

Mwaija alisita. Kisha akakumbuka Husna alivyolazwa hospitali Handeni miezi mitatu, na mwanawe Hajira akalelewa mgongoni mwake yeye Mwaija, hata mtoto akamwita mama. Wema hauozi, akajisemea. Akapokea, akafuta vumbi, akapanga chupa za mafuta mbele na unga nyuma, duka likapendeza kama bibi harusi.

Saa nne afisa wa mikopo, Loveness, akashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mama. Ee, safari hii umejaza!"

"Marahaba, mwanangu. Mungu kasaidia."

Loveness akahesabu, akaandika, akatabasamu. "Sasa nipe risiti za mzigo, tumalize."

Mwaija akageukia rafu. Mzigo aliuazima, risiti hakuziwaza.

"Ninazo mimi," ikasema sauti mlangoni. Husna alikuwa amevaa baibui mpya, mfuko wa nailoni mkononi, Kibwana nyuma yake. "Zote zina jina langu. Huyu dada ananihifadhia tu."

"Husna!" Mwaija akasema.

"Nimesema uongo, bi mkubwa? Kipi chako hapo? Ufagio?"

Kibwana akacheka. Loveness akazisoma risiti moja moja, akauliza Husna ameomba mara ngapi mwaka huu.

"Sijaomba hata mara moja."

"Basi una nafasi zote tatu. Mzee, fremu unampa nani?"

"Nampa huyu mwenye mzigo," akasema Kibwana, akatia sahihi kwenye fomu.

Loveness akageuka, akamnyooshea Mwaija kidau cha wino. "Mama, kadi ya Husna inataka mdhamini kutoka nyumba hiyo hiyo. Akishindwa kulipa, tunakuja kwako."

Mwaija akaviangalia vidole vyake. Unga ulikuwa bado umeganda kwenye kucha.

"Weka dole," Kibwana akasema. "Usipoweka, ujue na chumba unachokilalia ni changu vilevile."

Akaweka. Loveness akapanda bodaboda, vumbi likawafunika wote.

Husna alikuwa ameshaingia nyuma ya kaunta. Akaisogeza chupa moja ya mafuta kidogo kushoto, akainua macho.

"Bi mkubwa, huo ufagio wako usiuache. Na ukitoka rudishia mlango, kuku wasije wakaingia kwenye unga wangu."