Kanga ya Siku ya Arobaini

Sabrina alijifungua Jumanne, nami nikapata habari Ijumaa, tena kwa dereva wa bajaji. Mimi! Mimi niliyembeba Sabrina huyohuyo mgongoni mpaka fundo la kanga likaniotesha sugu begani.

Kwa mama yake, Mama Hamidu, pale Area C mjini, nilifanya kazi za ndani miaka thelathini na miwili. Niliingia binti wa Kigogo na nguo zangu mbili kwenye mfuko wa rambo, nikatoka magoti yanalia kila nikiinama. Hawakunitupa, nisiwasingizie. Walinijengea vyumba viwili huku Mkonze, na siku ya kuniaga Hamidu, kifungua mimba wa nyumba ile, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Bibi Anyesi amefanya kazi ya kutosha. Kuanzia leo asishike hata kijiko." Wakapiga makofi, na mimi kwa ujinga wangu nikapiga. Zamani nilikuwa Anyesi tu, wa kuitwa kwa kelele kutoka uani. Siku hiyo nikawa Bibi Anyesi, na miaka sita sasa sijaitwa kwa lolote.

Lakini mzazi lazima akandwe, na katika nyumba ile mkandaji nilikuwa mimi. Mama Hamidu mwenyewe nilimkanda uzazi wa Hamidu na uzazi wa Sabrina: maji ya moto ya kuunguza viganja, kitambaa, halafu kanga inayobana tumbo kutoka chini kwenda juu, fundo likae ubavuni. Kwa hiyo nilijua wataniita. Niliagiza uwele Kibaigwa, nikaupepeta mwenyewe, nikausagisha, nikajaza ndoo ndogo unga wa uji wa mzazi. Simu nikailaza karibu na mto.

Wiki mbili zikapita. Nikaona aibu ya nini, nikapiga mwenyewe.

"Mzazi anaendeleaje, Mama Hamidu?"

"Salama kabisa, Bibi Anyesi. Tumepata mkandaji, msichana mmoja anaitwa Munira. Wewe pumzika."

"Mimi sijachoka."

"Tunajua. Ila Hamidu amekataza usisumbuliwe. Utakuja siku ya arobaini, tena utakuwa mgeni wetu wa heshima."

Mgeni. Nilikata simu nikakaa kitandani nikalia, na unga wangu uko pale kwenye ndoo unanitazama.

Siku ya arobaini Hamidu alituma gari. Nikaingia na ndoo yangu, ikapokelewa mlangoni ikapelekwa stoo. Nikapigiwa shikamoo chumba kizima, nikakalishwa kwenye kochi kubwa, lile nililolifuta vumbi miaka yote bila kuliegemea. Loisi, binti anayefanya kazi siku hizi, akaniletea soda kwenye sinia. Nilipotaka kuinuka niende jikoni, midomo mitatu ikasema kwa pamoja, "Kaa, Bibi!" Nikakaa. Harufu ya pilau kushika chini niliisikia kabla ya mtu yeyote, nikanyamaza. Wale hivyohivyo.

Mtoto alinyolewa, dua ikasomwa. Mimi ni mtu wa kanisani, lakini niliinua mikono kama nilivyozoea kuinua nao. Wakanipa mtoto nimpakate ili tupigwe picha. Picha ilipokwisha, wakamchukua.

Huyo Munira nilimwona, kucha ndefu nyekundu. Mtu wa kucha zile anakamua kitambaa cha maji ya moto saa ngapi? Na kazi yake niliiona: kanga ya Sabrina ilikuwa imeteremka nyongani, fundo mbele kama la mtu anayekwenda kuoga.

Baada ya chakula Sabrina akaniinamia. "Bibi, njoo chumbani uone nguo za mtoto."

Tulipoingia akafunga mlango. Hakunionyesha nguo yoyote. Aliifungua ile kanga, akaninyooshea.

"Nifunge."

"Kaka yako amesema nisishike hata kijiko."

"Hii si kijiko."

"Mwanangu, arobaini imetimia. Leo kanga inafunguliwa, haifungwi."

Midomo ikaanza kumtetemeka, vilevile kama alipokuwa na miaka minne. "Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza geti. Likifunguliwa nasema, ndiye Bibi. Mama akaniambia umechoka, hutaki kusumbuliwa. Nikaona nisikulazimishe."

"Nani alisema nimechoka?"

Siku arobaini nilikuwa Mkonze nasikiliza simu, na yeye yuko hapa anasikiliza geti.

Nikaikunja kanga, nikaipitisha nyuma, nikaanza chini kama inavyotakiwa. Nikavuta. Mikono haikuvuta. Nikaegemeza goti kitandani, nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, ncha ikaniponyoka. Sabrina akaiwahi akanirudishia mkononi. Nikafunga fundo ubavuni. Kidole changu kizima kilipita chini yake.

"Aa, taratibu," akasema, huku anatazama dari. "Umenibana kwelikweli."

Nimemlea mimi. Akiongopa hutazama dari.

"Kesho utakuja unifunge tena?"

Sebuleni Mama Hamidu aliita, "Bibi Anyesi, dereva anakusubiri!" Nikajifuta macho.

"Nitakuja," nikamwambia. "Na ule unga uko stoo, utoeni kabla haujaingiwa na wadudu."

Alinisindikiza mpaka nje. Alitembea polepole, mkono mmoja ameukaza ubavuni, kanga isije ikaanguka kabla sijaondoka.