Pete Kwenye Mguu wa Kiti

...na hili lisitoke hapa, mdomo wangu, tuapishane mimi na wewe, haki ya Mungu tutazikwa nalo, hiyo kelele wanayoitafuta tangu jana ni mimi, si panya, si mabati, si waya za Karanja, ni mimi mzee mzima na pete yangu ya ndoa kwenye mguu wa kiti cha chuma, na sijamwambia mtu, sawa, nimemwambia Ndinda wa mboga asubuhi, lakini Ndinda ni mmoja tu, na aliapa akiwa ameshika sukuma wiki ya watu... sasa ona, Karanja mwenye mitambo amevua hedfoni, anamwangalia Gachanja wa ngoma vile watu huangalia aliyeingia na viatu vya matope, "Bro, ni pedal yako," na Gachanja anainama chini ya ngoma kubwa kuangalia hiyo pedal ya kukanyaga mara ya tano, "Si pedal, buda. Nimeipaka mafuta mpaka inanuka chapati," nacheka ndani ya leso, lakini Karanja hacheki, "Kuna kitu inagonga. Ko, ko-ko. Kila wimbo," na mimi nimenyamaza kama gunia, ukumbi huu wa kanisa hapa Kiuu ufunguo nashika mimi, nafagia mimi, ndiyo maana wakaniacha nikae pembeni na chupa ya chai wakirekodi nyimbo zao, Cucu kaa, lakini usikohoe, aliniambia Warigia, mwimbaji wao, mjukuu wangu mwenye jina langu, na sijakohoa, mtu asiseme nimekohoa... bendi yao ilijulikana kwa ule wimbo wa kurukaruka, "Nitumie Location", hata akina mama wa kanisa walikuwa wakiutikisia mabega wakijifanya wanakung'uta shuka, sasa wanazirudia nyimbo zao zote ziwe albamu ya swing, nikauliza, swing, bembea ya watoto? wakacheka wakashika mbavu, Karanja akanieleza polepole kama anayempa mgonjwa uji, Cucu, ni muziki wa zamani wa matarumbeta, hautembei sawasawa, unavuta mguu mmoja, refu-fupi, refu-fupi, unachechemea, na hapo ndipo niliposhikwa, kwa sababu anayetembea hivyo namjua, nimelala naye miaka thelathini na nane... Mutiso wangu, baba ya Wavinya binti yetu, robota la uzi lilimwangukia mguuni kule kiwandani Thika kabla hatujaoana, na mama yangu akasema, Gatanga nzima ina wanaume, wewe unaniletea Mkamba, tena wa mguu mmoja na nusu, nikamwambia, maitu, hiyo nusu ndiyo nimependa, akakaa wiki mbili hanisalimii, akimsalimia mbuzi nikiwa hapo hapo... tulikuwa na chumba cha mwisho kwenye ploti, koridoo ndefu ya simiti, zamu ikiisha saa tisa mchana namsikia tangu langoni, taa-ta, taa-ta, majirani kumi wanapita siinui macho, lakini huyo, nagonga sufuria kwa mwiko, ko, ko-ko, kumwambia nimekusikia, ingia, na chai iko tayari kabla hajafika mlango wa tatu, miaka kumi na moja sasa sipiki chai kwa kusikia mguu, napika kwa kuangalia saa... halafu jana Gachanja akachukua vile vifagio vya waya, akaanza, taa-ta, taa-ta, na mkono ukaenda wenyewe, mimi sikuutuma... "Basi tupige na mashine ya ngoma," Karanja anasema, "ile kelele ikiisha tunajua ni ngoma yako, na albamu tunamaliza na mashine, ukumbi unatakiwa saa sita," na Gachanja anauliza, "Na mimi?" na Karanja anaangalia waya, "Wewe utapumzika, bro. Usichukulie vibaya," vijana wawili wa tarumbeta wanafuta tarumbeta zilizo safi tayari, na Gachanja amechukua jaketi lake amesimama mlangoni, haondoki, mwanaume mzima mwenye ndevu, alianza nao wakiimba kwenye harusi za mtaa wa Kahawa Sukari wakilipwa pilau, na Warigia anajifanya anasoma simu, simu imezimwa, naiona ilivyo nyeusi, hilo nalo Ndinda atalifurahia... niseme? nikisema wataniambia, Cucu nenda nje uote jua kidogo, watafunga mlango na hatua zitabaki ndani, nisiposema nitakaa hapa mpaka saa sita, nasikia, simsumbui mtu, Gachanja atapata kikundi kingine, si wa kwangu, sikumzaa, haya, mkono huu nimeukalia... mashine imeanza, taa-ta, taa-ta, Warigia anaingia, nitumie location, polepole hivi ni kama anaomba kweli, nafunga macho namngoja langoni, taa-ta, taa-ta, lakini huyu ni nani, kila hatua sawa na ya kwanza, anachechemea kama mtu anayeiga kilema ili watu wacheke, Mutiso hakuwa hivyo, akichoka alivuta zaidi, akiwa na habari alikimbia kwa ule mguu mzima, siku Wavinya alipozaliwa alikuja nusura aanguke, na jana Warigia alipopanda kwa ile sauti ya juu Gachanja alisita, kidogo tu, akamngoja, kama unavyomngoja mtu aliye nyuma yako kwa ngazi, mashine haimngoji mtu, mtoto anaimba amekimbizwa... wacha, kumbe aliyekuwa anatembea jana ni huyu wa mlangoni, pete yangu ilikuwa inamjibu tu, na mimi nimeketi hapa nimeukalia mkono nikimwangalia anavyotolewa, mwanamke gani husikia hatua mlangoni akanyamaza... "Mnasikia?" Karanja ameinua kidole, anatabasamu, "Clean. Hakuna kelele," na Gachanja ameshika kitasa... nautoa mkono, umekufa ganzi, vidole kama vya mtu mwingine, ko, ko-ko, tabasamu la Karanja linaganda, wanaiangalia ngoma, hakuna mtu, wanayaangalia mabati, tena, ko, ko-ko, si mwendo wa mashine huu, ni ule wa jana, kwa nguvu, sufuria na mwiko, nimekusikia, ingia, na Gachanja ndiye wa kwanza kugeuka, kisha wale wa tarumbeta, kisha Warigia, wimbo umemkatikia mdomoni, mashine bado inatembea peke yake, "Cucu?" anasema, "Cucu, ni wewe?" na macho yote ya ukumbi yako hapa pembeni, na pete iko juu ya chuma, na mkono siuondoi.