Mikate ya Vestina na Uvumi wa Kikohozi

Siku shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Vestina Niyonsaba alikuwa ameshaoka. Mikate yake ililiwa na wanafunzi wa bweni pale Kibondo, na mchana ule wanafunzi walibeba masanduku yao wakaenda makwao. Mikate ikabaki mezani, inanukia, haina mlaji. Vestina aliigawa kwa majirani, akafunika tanuri lake la udongo kwa bati.

Baada ya siku chache alipigiwa simu na mdogo wake, Ange, mwenye kibanda cha kutoa kopi mjini Kasulu.

"Dada, nimefungua kundi la WhatsApp. Linaitwa Nunua kwa Jirani. Nimeweka walimu, manesi, na wafanyakazi wa mashirika wanaokwenda kambini Nyarugusu kwa wakimbizi. Wanaogopa kubanana sokoni, lakini kula wanakula. Piga picha mikate yako."

"Nani atanunua mkate asioushika?"

"Wewe piga picha. Mengine niachie."

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili ilikuwa kidole chake. Ya tatu ilifaa. Kesho yake boksi la mikate lilipanda basi la asubuhi kwenda Kasulu, Ange akalipokea stendi na bodaboda wakaisambaza. Wiki iliyofuata Athuman, fundi cherehani jirani yake Vestina, akatuma barakoa za kitenge, na mama mmoja wa kijiji cha Titye akatuma vikapu. Tanuri likawaka tena kila siku.

Kisha ikaingia sauti kwenye kundi. Ilikuwa ya mwanamke, yenye lafudhi nzito ya Kiha:

"Jamani mnaokula mikate ya Kibondo, jihadharini. Huyo Vestina anakohoa juu ya unga. Nimemwona kwa macho yangu. Msije mkaingiza msiba nyumbani."

Hadi jioni oda zote zilikuwa zimefutwa, za mikate hata za barakoa. Ange alipiga simu akilia. "Nilifunge kundi, dada?"

"Usilifunge. Huyo mtu namjua."

Alikuwa Manirambona, muuza maandazi wa stendi ya Kibondo, mama mtu mzima aliyemfundisha Vestina kukanda unga alipokuwa binti. Asubuhi Vestina alivaa barakoa akaenda. Akamkuta nyuma ya beseni la maandazi yaliyolala.

"Mwakeye, mama," alimsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye." Hakuinua macho.

"Nimesikia sauti yako kwenye simu."

"Simu gani? Mimi nina kitochi hiki tu."

"Basi uliazima. Sauti ni yako."

Manirambona alifunika beseni, akafunua, akafunika tena. "Kwani hukohoi?"

"Nakohoa moshi. Wewe ndiye uliyenionyesha kuwasha tanuri, moshi wake unaujua."

"Mabasi yanakuja matupu, Vestina!" Sauti ilimpanda. "Walimu waliokuwa wananunua kwangu wanapita wakiniambia wameagiza kwenye kundi. Nauliza kundi gani, naambiwa liko kwenye simu kubwa, mnasaidiana majirani. Mimi si jirani?"

Vestina alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima. Sasa aliyaacha. Lakini hasira haikuondoka, wala hakutaka kujifanya imeondoka.

"Ulichofanya ni kibaya, mama. Athuman ana watoto. Yule wa Titye hata humjui, naye umemwangusha. Utakirekebisha kwa mdomo uleule."

"Kwa simu ipi?"

Vestina alimpa yake. Mara ya kwanza Manirambona alitamka jina lake tu, akairudisha simu. "Tunaanza upya," Vestina alisema, akamshikia simu karibu na mdomo.

"Mimi ni Manirambona wa stendi ya Kibondo. Ile sauti ilikuwa yangu. Nilisema kwa wivu. Kile kikohozi ni cha moshi, na nilijua. Mnisamehe."

Baadhi ya watu wa kundi walishukuru. Wengine walijitoa. Mwalimu mmoja aliandika: tutajuaje kama hamkupanga?

Vestina hakubishana naye. Mumewe, Pasikali, ambaye ni fundi mwashi, alitoboa tanuri kwa juu akajenga bomba la kutoa moshi. Kuanzia hapo, kila alfajiri Vestina aliegesha simu dirishani akajirekodi: ananawa kwa sabuni, anavaa barakoa, anakanda, anaoka, bila kukohoa. Video akaituma kwenye kundi. Siku za mwanzo hakuagiza mtu. Akaendelea kurekodi. Halafu nesi mmoja akaagiza mikate miwili, na jioni akaandika kwamba watoto wameimaliza. Oda zikarudi, polepole.

Ndipo akamwambia Ange amwingize Manirambona.

"Yule? Aliyetuchafua?"

"Yule. Tena si yeye peke yake. Wangapi hapa hawana simu kubwa? Yupo hata yule mzee wa asali kule Kasanda. Tumejiita majirani, na tumewafungia mlango. Kila mwenye simu amshike mmoja asiye nayo, ampigie picha, ampelekee oda zake."

Ange alikataa siku hiyo, akakataa na iliyofuata. Athuman alipojitolea kumshika mzee wa asali, Ange akakubali.

Mwisho wa Juni shule zilifunguliwa, na mpishi wa bweni akaja kuagiza kama zamani. Vestina alimkubalia, lakini wateja wa Kasulu hakuwaacha. Aliongeza tanuri la pili.

"Umeshamsamehe kweli yule mama?" Ange alimuuliza siku moja kwa simu.

"Kuna siku nikimwona bado moyo unachemka," Vestina alijibu. "Lakini maandazi yake ya leo yametoka vizuri. Nakutumia picha sasa hivi, iweke juu kabisa."